Ulimi wa Nyang'au na Maji ya Tangi

Jumatatu, 4 Machi 1935

Leo nimeondolewa kwenye kuni nikapewa maji. Bwana, Mzungu wa shamba hili la chai, aliniita mbele ya ofisi, akanikagua mgongo kama mtu anayetaka kununua ng'ombe, akasema, "Owino, wewe mzee sana. Hapana pasua kuni tena. Wewe angalia tangi." Nikamshukuru kwa heshima zote. Moyoni nilimwambia kwamba na yeye si kijana, ni vile tu kofia yake inaficha mengi.

Basi tangi ni langu. Liko juu ya kilima, na mashine inasukuma maji kutoka mtoni mpaka humo. Yakitoka tangini yanashuka kwanza kwenye pipa kubwa la mbao lililozikwa nusu ardhini, ndipo yanaingia kwenye bomba na kutokea kwenye mfereji mmoja wa koki katikati ya laini mbili za nyumba za vibarua: ya chini yetu sisi Wajaluo, na ya juu ya Wakisii. Nina kazi mbili. Natia shabu ili tope lizame, na natia chokaa ya dawa ili wadudu wa homa ya matumbo wafe. Ni amri ya daktari wa serikali. Dresa wetu Momanyi, kijana wa Kisii anayeshika zahanati ya shamba, amenionyesha kopo la kupimia. Nisipunguze, nisiongeze, nisifikiri. Hilo la tatu ndilo gumu.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mke wangu Wilkista anasoma Kijaluo cha kanisani kunishinda mimi, lakini Kiswahili cha kalamu kinampa usingizi. Mimi nilifika darasa la tatu misheni, nikafukuzwa kwa kumwigiza mwalimu akikohoa. Nilimwigiza vizuri sana, hilo ndilo lilikuwa kosa.

Jumatano, 6 Machi

Nimetia dawa. Maji yananuka.

Ijumaa, 8 Machi

Maji yananuka bado. Wilkista alipika chai, tukainywa kimya kama watu walio matangani. Halafu akanena: "Baba Apiyo, kama hii ndiyo kazi uliyopewa, heri ungebaki na mgongo unaouma."

Wanawake wa laini zote mbili wameacha mfereji, wanateremka na mitungi kwenye chemchemi ya bondeni kama zamani. Momanyi anasema chemchemi iko chini ya vyoo, daktari ameikataa. Wanawake wanasema daktari hajawahi kuinywa, kwa hivyo anajuaje.

Jumapili, 10 Machi

Leo Nyang'au amenimaliza.

Niseme Nyang'au ni nani. Ni Mkisii wa laini ya juu, ndiye anayelisha moto wa mashine ya kiwanda cha chai. Ni rafiki yangu, ingawa hakuna kati yetu ambaye amewahi kukubali. Ananiita Mjaluo, namwita Mkisii, na tukikosana sana tunaitana majina yetu. Na huyu mtu ana ulimi. Mletee maji ya kijito chochote kati ya Roret na Kapsoit, atakuambia yametoka kwenye mawe au kwenye matope, na kama juu yake kuna mianzi au msitu. Siku moja nilimletea kibuyu kumjaribu. Alionja, akanitazama kwa huruma, akasema nimechota pale ng'ombe wanapovuka. Ilikuwa kweli. Laini ya juu nzima haichimbi kisima wala kuchagua kijito kabla yeye hajaonja.

Leo asubuhi alikuja mferejini na mke wake Bilhah, na watu wakamfuata wakijua kutakuwa na mchezo. Alinusa, akasukutua, akatema karibu na mguu wangu, lakini si juu yake. Alipima vizuri.

"Mjaluo," akasema, "haya si maji. Hii ni hospitali iliyoyeyuka."

Wakacheka mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini. Nami nilicheka, nifanye nini. Lakini baada ya hapo hakuna Mkisii aliyegusa mfereji, na Wajaluo wakaona aibu kubaki peke yao.

Jumanne, 19 Machi

Bwana amekuja tangini. "Watu hapana kunywa," akasema, "wewe rudi kwenu." Kwetu ziwani ndugu zangu walishagawana shamba, mimi wakanigawia salamu. Sina pa kurudi. Nikamwambia watakunywa.

Jumapili, 24 Machi

Nilienda sokoni Kapsoit. Kuna mama Mkipsigis huuza maziwa kwenye kibuyu kirefu, maziwa yenye rangi ya jivu kidogo. Nikamuuliza kibuyu kinawezaje kukaa na maziwa miezi na miezi bila kunuka uvundo. Aliniona mjinga lakini akanijibu: wanachoma kijiti cha mti wao maalumu, wanasugua mkaa wake ndani ya kibuyu. Mkaa unakula harufu.

Nimerudi njia nzima nikilirudia neno hilo kama mtoto aliyetumwa dukani.

Jumatano, 27 Machi

Nimejaribu nyumbani. Mkaa uliopondwa, kitambaa, ndoo mbili. Nikayapitisha maji ya tangi. Yakatoka hayana harufu hata chembe. Wilkista alikunywa kikombe, akaomba kingine, halafu akaniuliza nimeyaiba wapi.

Nimewaza sana kama ni halali. Mawazo yangu ni haya. Dawa inatiwa tangini. Wadudu wanafia tangini. Kinachoshuka huku kwetu ni harufu tu, kama moshi unaobaki nyumba ikishafukizwa. Nani anahitaji moshi? Momanyi mwenyewe hupima kule juu: ana sanduku dogo lenye vikombe vyeupe na chupa ya matone, na dawa ikiwemo maji hugeuka buluu. Nitaacha tangi lake na buluu yake. Mimi nitaweka mkaa chini, kwenye pipa. Sijamwambia. Angeniambia nisifikiri, na mimi nimekwisha kufikiri.

Ijumaa, 29 Machi

Nimepata mkaa mwingi kiwandani, kwenye moto wa Nyang'au. Alinijazia magunia mwenyewe kwa koleo lake, akaniuliza kama Wajaluo siku hizi wanakula mkaa. Nikamwambia ni wa kukaangia Wakisii. Magunia yako ndani ya pipa sasa, yamefunikwa na mchanga.

Jumanne, 2 Aprili

Maji mazuri. Wajaluo wamerudi wote. Naitwa fundi. Kuna mama amenibariki.

Jumapili, 7 Aprili

Wakisii hawaji. Wanasema nimepunguza dawa, au Wajaluo wamezoea kunuka. Nikamwendea Nyang'au kwake, tukashindana kwa maneno mpaka tukawekeana masharti mbele ya watu. Jumapili ijayo ataonja vikombe viwili, kimoja cha chemchemi na kimoja cha mfereji. Akivijua, nitakwenda mbele ya Bwana nimwambie chemchemi iachwe watu wainywe, nifukuzwe nisifukuzwe. Akikosea, atakunywa maji ya mfereji, yeye na laini yake nzima, na hatafungua mdomo tena juu ya maji yangu.

Alikubali haraka mno. Alinionea huruma, nilimwona.

Jumapili, 14 Aprili

Naandika nikicheka peke yangu.

Wakisii ni Wasabato, wao walishasali jana. Sisi tulitoka kanisani na matawi yetu ya Jumapili ya Matawi mikononi, tukawakuta wamekwisha kukaa kwenye magogo. Ili asiseme nimefanya hila, nilitaka Bilhah mwenyewe achote maji yote mawili na kuyamimina nyuma ya ukuta. Vikombe vilikuwa viwili vya bati, kimoja kina mpini, kingine mpini umekatika. Yeye peke yake ndiye aliyejua kipi ni kipi.

Nyang'au alionja kile kisicho na mpini. Akafumba macho. Akaonja kile chenye mpini, akakaa nacho mdomoni muda mrefu, akameza. Akarudia. Watu walinyoosha shingo, hata kuku. Halafu akainua kile chenye mpini.

"Hiki ni cha chemchemi," akasema. "Kimepita kwenye mawe."

Bilhah akawa anafuta mikono kwenye kanga yake.

"Sema, mama," mtu akamwambia.

"Hicho ni cha mfereji," Bilhah akasema polepole.

Kelele zilizotokea hapo zimesikika mpaka kiwandani. Mimi niliwika. Niliwika kama jogoo, nikapiga mbawa, nikazunguka magogo yote na tawi langu la kanisani kichwani. Nilimwambia auze ulimi wake Kapsoit, labda atapata mtu wa kushonea viatu. Watu walilia kwa kucheka.

Nyang'au alikuwa anakitazama kikombe. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua, akageuka, akakuta si mwenyewe. Kisha akacheka, mwisho kabisa baada ya wote, akamaliza maji yaliyobaki, akakigeuza kikombe tuone kimekauka.

"Maneno ni maneno," akasema. "Kesho Bilhah atakuja na mtungi."

Jumatatu, 15 Aprili

Bilhah alikuja na mtungi. Nyuma yake laini yote ya juu.

Alhamisi, 25 Aprili

Bwana amesikia kwamba hakuna anayeshuka tena bondeni. Amefurahi, akatuma kikosi cha vibarua wakajaza chemchemi mawe, na juu yake wamepanda chai. Sikufikiria hilo. Nilimkuta Nyang'au amesimama pale akitazama miche. Nilikuwa nimeandaa utani, nikaumeza.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua.

Jumatano, 1 Mei

Mvua.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua ya mawe. Majani ya chai yametobolewa kama kitambaa kilicholiwa na panya. Wachumaji wamekaa nyumbani, na Bwana anaitazama mbingu kama anayetaka kuifukuza kazi.

Alhamisi, 9 Mei

Mto umekuwa mwekundu. Shabu inafanya kazi mchana kutwa. Maji ya mfereji meupe, matamu. Nimesifiwa tena. Nyang'au anakunywa kila siku mbele yangu, hasemi kitu, kama alivyoahidi. Sikujua kimya cha mtu kinaweza kukera hivi. Namchokoza, ananijibu neno moja. Napenda nimwambie habari ya mkaa tucheke wote, lakini nikimwambia, ushindi utapungua.

Jumatatu, 13 Mei

Nimekuta kifuniko cha pipa kinaelea. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka upande wa vyoo vya laini ya juu yamejaa pale kama kidimbwi, na pipa liko katikati. Nimepitisha mtaro kwa jembe, nikarudisha kifuniko, nikaweka jiwe juu yake. Nilionja mfereji. Ladha ni ileile.

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Jiwe limekaa.

Jumatatu, 20 Mei

Mokaya, kijana wa kikosi cha kupogoa chai, amelazwa zahanati na homa. Watu wanasema ni baridi.

Ijumaa, 24 Mei

Sasa ni wengi. Wa juu na wa chini. Vichwa vinawauma, matumbo yamejaa, macho yamezama. Momanyi halali. Leo asubuhi moto wa kiwanda ulichelewa, na mtu aliyekuwa akiulisha hakuwa Nyang'au.

Nilikwenda kwake. Alikuwa amelala amegeukia ukuta. Bilhah alinikaribisha, akanipa kiti, akanichotea maji ya kunywa kwa kikombe cha bati. Yalikuwa maji yangu. Niliyanywa yote kwa sababu sikujua namna ya kukataa.

Jumatatu, 27 Mei

Leo nitaandika yote nisije nikajidanganya baadaye.

Momanyi alikuja mferejini na sanduku lake. Amepima tangi kila wiki na kila wiki ni buluu, akasema, kwa hivyo haelewi. Akakinga maji ya mfereji kwenye kikombe cheupe, akatia matone. Tukangoja. Maji yakabaki meupe. Akamwaga, akajaribu tena, akaongeza matone. Meupe.

"Mzee Owino," akasema, "unatia dawa?"

"Natia. Kwa kopo, kama ulivyosema."

"Inaenda wapi?"

Nilikuwa na majibu ya mzaha matatu mdomoni, nayajua, yalikuwa mazuri. Nikamchukua mkono nikampeleka kwenye pipa, nikainua kifuniko, nikafukua mchanga, nikamwonyesha magunia. Nikamweleza mawazo yangu yote, ya wadudu kufia tangini na ya moshi wa nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilitaka anikatize.

Halafu akanionyesha kwenye ukuta wa ndani wa pipa alama ya tope la nje, ilipokuwa imeingia na kukauka.

"Dawa ya tangini iliwaua wa tangini," akasema. "Hawa wameingilia hapa. Ndiyo maana tunaacha ibaki, mzee. Ishuke na maji mpaka kikombeni, iyalinde njiani. Ile harufu ndiyo mlinzi. Wewe umempiga mlinzi kichwani ukafungua mlango."

Anaweza kuwa mjukuu wangu. Hakupaza sauti. Alichukua gunia moja, mimi jingine, tukayatoa tukiwa tumelowa mpaka magotini. Yalikuwa mazito kuliko nilivyoyaingiza.

Nilikwenda kwa Bwana mwenyewe nikamwambia. Nilitaka anifukuze. Alikaa na kiko chake akafikiri, akasema sitafukuzwa. Maji yatanuka tena, watu watatukana mtu wa maji, na heri wanitukane mimi ambaye wamenizoea. "Kaa hapohapo mfereji," akasema.

Hata mtu mwenye akili zaidi yake asingeweza kutunga adhabu bora kuliko hiyo.

Jumatano, 29 Mei

Lori limewapeleka wagonjwa wazito hospitali ya Kericho. Nyang'au alibebwa kwa blanketi. Nilishika pembe moja. Ni mwepesi.

Jumapili, 2 Juni

Mokaya amefariki.

Tumechimba kaburi mvuani, likijaa maji tukiyatoa kwa ndoo. Mama yake hayuko karibu, yuko Nyaribari, na barabara imekatika. Mchungaji alipouliza mtu wa kusema neno juu yake, wenzake wa kikosi walisema alikuwa mpole na alipenda kuimba akipogoa. Mimi sikuwa na la kusema. Alikuwa amepita mbele ya mfereji wangu tangu Machi, na kitu pekee nilichowahi kumwambia ni kwamba masikio yake makubwa yangemfaa kukingia mvua. Sikujua hata jina la baba yake. Leo nimeuliza. Anaitwa Arasa.

Jumatano, 5 Juni

Maji yananuka. Natukanwa. Najibu, "Ndiyo, mama. Ndiyo, baba."

Jumanne, 11 Juni

Wanakinga maji ya mapaa. Wengine wanachota kwenye mitaro ya chai, maji mekundu, wanayangoja yatulie. Nimewaeleza. Nimewaambia habari ya mkaa, mbele ya wote, sikuficha kitu. Baadhi hawakuamini, wakafikiri ni mzaha wangu mwingine. Hayo ndiyo mavuno ya miaka yangu yote ya utani: nimesema kweli, watu wakasubiri sehemu ya kucheka. Walioamini ndio hawataki hata kuupitia mfereji.

Wilkista peke yake anachota kila asubuhi, mbele ya watu, mtungi umejaa. Nyumbani anakunja uso akinywa, halafu anageuka nisimwone.

Jumamosi, 29 Juni

Nyang'au amerudi. Nywele zimepukutika, miguu kama ya korongo. Lakini anatembea. Nilimwona kwa mbali akishuka kwenye lori, nikajificha nyuma ya tangi, mzee mzima.

Alhamisi, 4 Julai

Bilhah alinijia. "Shemeji, njoo umwone. Anakula kitu chochote."

Nikasema hiyo ni habari njema kwa mtu aliyekuwa mgonjwa.

"Hapana," akasema. "Hujanielewa. Jana nilisahau chumvi, hakusema. Leo nimesahau kwa makusudi."

Jumapili, 7 Julai

Nilikwenda. Alikuwa nje kwenye jua, amejifunika blanketi ingawa jua lilikuwa kali. Tukaulizana habari. Akaniambia mwenyewe, kama mtu anayesimulia juu ya ng'ombe aliyepotea: homa ilipoondoka iliondoka na ulimi na pua. Chumvi, asali, maziwa yaliyoganda, vyote ni kama kutafuna karatasi. Daktari wa Kericho amesema pengine vitarudi, pengine havitarudi.

"Nililala kule nikifikiri jambo moja," akasema. "Siku ile ya vikombe. Niambie ukweli, sasa hakuna kinachoharibika. Uliniibia. Ulimpa Bilhah maji mengine, au ulibadilisha vikombe."

Niliona kwamba angependa niseme ndiyo. Lingekuwa neno dogo, na mimi nimesema uongo mkubwa zaidi kwa faida ndogo zaidi. Lakini nilikuwa nimekuja kusema lile jingine, na ningelibeba tena mpaka nyumbani lingenivunja mgongo. Nikamweleza. Mkaa kutoka kwenye moto wake, magunia, pipa, tope, kikombe cheupe cha Momanyi. Mokaya.

Alivuta blanketi mpaka mabegani, kivuli cha nyumba kikatufikia miguuni.

"Kwa hivyo ulinishinda kwa haki," akasema.

"Kwa haki."

"Heri ungekuwa umeniibia, Owino."

Aliniita jina langu. Nilikaa kidogo, kisha nikaenda. Hakunifukuza, na hakunizuia.

Jumatano, 10 Julai

Mvua kidogo jioni. Sijaandika mengi kwa sababu sina ninaloweza kuandika bila kujionea huruma, na sistahili hiyo huruma.

Jumatatu, 15 Julai

Nyang'au amemkuta Bilhah akichota mtaroni. Wilkista alikuwa njiani, ndiye aliyenisimulia. Amesema Nyang'au alimpokonya mtungi akaumwaga, yeye ambaye hajawahi kumpokonya mke wake hata ufagio. Bilhah akalia, akamwambia ya mfereji hayapiti kooni. Nyang'au akamuuliza kama anataka kulala kule alikolala yeye, kwenye kitanda cha Kericho, kando ya mtu anayekufa akimwita mama yake. Kisha akapandisha njia kuja huku, mkongojo mkononi, mtungi mtupu begani, na laini ya juu ikamfuata kama zamani.

Nilikuwa kwenye mfereji. Hakunisalimu. Alikinga kikombe. Watu wakatulia, kwa sababu hawajui. Ni Bilhah, mimi na Wilkista tu tunaojua kwamba ulimi umekwenda. Alisukutua, akasimama kidogo kama alivyokuwa akisimama, akameza. Uso wake haukukunjamana hata mahali pamoja. Akawaambia kwa Kikisii maneno ambayo nimeyaelewa yote:

"Yamepita kwenye mawe. Ile harufu ni ya juu tu, ni kama ya chungu kipya. Chini yake ni maji. Kunyweni."

Mtu huyu hajawahi kudanganya juu ya maji. Alikuwa tayari kumwambia chifu kwamba kisima chake kina chura. Nikainamisha kichwa, nikajifanya nafunga koki.

Wakanywa. Walikunja nyuso, wakatazamana, wakamtazama Nyang'au akikinga kikombe cha pili, wakanywa tena.

Alhamisi, 18 Julai

Anakuja kila asubuhi. Mitaro haina mtu. Bwana amepita, akamwona, akaniuliza yule mzee ni nani. Anataka kumpa kazi ya kunywa mbele ya watu. Nikamwambia Bwana asithubutu kumtajia. Ni mara ya kwanza nimesema na Bwana hivyo, na aliondoka akiuma kiko chake.

Jumatatu, 22 Julai

Mvua zimepungua, njia zimeanza kukauka. Zahanati haina mgonjwa wa homa hata mmoja. Phelis, mchumaji mpya aliyeletwa na lori la juzi, aliziba pua mferejini akaniuliza kama ni kweli alivyosema yule mzee, kwamba chini ya harufu kuna maji mazuri. Nikamwambia kwamba katika shamba hili lote hakuna anayejua maji kama Nyang'au. Akanywa.

Walipokwisha kwenda, Nyang'au hakuondoka. Alisogea akakaa kwenye jiwe kando yangu, mahali ambapo hajakaa tangu mambo haya yaanze. Alikuwa bado na kikombe mkononi, kimejaa. Akanisogezea puani.

"Haya, Mjaluo," akasema. "Leo dawa inanuka?"

Nilitaka kumwambia ni kidogo tu. Ndivyo mtu anavyomwambia rafiki.

"Inanuka mpaka macho yanawasha," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli, ndugu yangu."

"Basi imo," akasema, akayanywa yote polepole, kama mtu anayeonja.